Kiyoyozi dhaifu katika pikapu ya zamani: Tafuta kasoro kabla ya kununua gesi

PIKAPU ndilo gari la kazi katika kaunti za Meru na Embu. Hubeba miraa kutoka Igembe, muguka kutoka Mbeere, ndizi, maziwa, saruji na hata mifugo ya kupelekwa sokoni. Mengi ya magari haya ni Toyota Hilux, Isuzu na Nissan yaliyokwisha kutimiza miaka 20 au zaidi barabarani, na injini zake zingali imara. Kiyoyozi chake, hata hivyo, aghalabu huwa kimechoka zamani. Dereva hubonyeza kitufe, feni hunguruma, lakini upepo unaomfikia usoni ni wa vuguvugu.

Hapo ndipo wengi hukimbilia gereji wakiwa na ombi moja tu, kwamba waongezewe gesi. Fundi huongeza, baridi hurejea kwa majuma mawili au mwezi mmoja, kisha joto hurudi ilhali pesa zimekwenda. Makala haya yanaeleza namna ya kutafuta chanzo cha udhaifu huo kwa utaratibu, kuanzia mambo yasiyogharimu chochote hadi yale yanayohitaji vipimo vya fundi.

Kanuni ya kushika ni kwamba gesi ya kiyoyozi haiungui ikaisha kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Mipira ya zamani hupitisha kiasi kidogo mno mwaka baada ya mwaka, lakini gesi ikipungua katika muda wa wiki au miezi, basi kuna mahali inapovuja. Na ikiwa haijapungua, kuiongeza kutazidisha ubovu.

Nyanda za baridi, tambarare za joto

Huenda mgeni akauliza haja ya kiyoyozi katika miji iliyo kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Embu iko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na Meru iko juu zaidi, ikikaribia mita 1,600. Lakini pikapu haikai mjini. Asubuhi huwa Runyenjes au Nkubu, na ifikapo adhuhuri iko Kiritiri, Ishiara, Marimanti au Isiolo. Kwa jumla, hewa huongezeka joto kwa nyuzi sita hadi saba za Selsiasi kwa kila mita 1,000 ambazo gari linateremka. Anayetoka Meru mjini hadi tambarare za Tharaka hushuka karibu kiasi hicho, na gari lililofungwa madirisha kwa ajili ya vumbi hugeuka tanuri.

Joto hilo huchosha mwili na kuleta usingizi, hasa kwa dereva aliyeamka alfajiri kuwahi soko. Upande wa pili, katika miezi ya baridi na ukungu kama vile Julai, kiyoyozi huwa na kazi nyingine. Hukausha hewa, hivyo kikitumiwa pamoja na hita, kioo cha mbele hutakata upesi. Barabara ya Embu hadi Meru hupindapinda na kushuka katika mabonde ya mito mingi itokayo mlimani, na kutoona mbele katika kona za aina hiyo ni hatari kubwa.

Tofauti hii ya mahali ina maana katika uchunguzi pia. Kiyoyozi kinachopimwa Meru asubuhi, hewa ikiwa na nyuzi 16, kinaweza kuonekana kizima kabisa, kisha kishindwe kazi mchana huko Marimanti. Fundi wa mjini naye huapa kwamba hakuna kasoro. Ni vyema basi kukipima adhuhuri, jua likiwa kali, na ikiwezekana katika sehemu za chini ambako kasoro hujitokeza.

Mzunguko wa gesi kwa ufupi

Gesi huanzia kwenye kompresa, ambayo ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Kompresa huibana mpaka ikawa moto na yenye shinikizo kubwa. Kutoka hapo huingia kwenye kondensa, chombo kinachofanana na redieta na kukaa mbele yake, ambamo hupoa na kugeuka majimaji. Majimaji hayo hupita katika chujio la kuondoa unyevu, kisha katika vali yenye tundu dogo inayoyafungulia kwenye evaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Hapo shinikizo hushuka ghafla, majimaji huchemka na kuwa gesi tena, na katika kuchemka huko hunyonya joto la hewa inayopulizwa na feni ya ndani. Gesi hurudi kwenye kompresa na safari huanza upya.

Kwa maneno mengine, kiyoyozi huchukua joto la ndani ya gari na kulitupa nje. Kikiwa dhaifu, maswali ya kujiuliza ni manne: je, hewa inapulizwa vya kutosha? Je, kuna joto la hita linalojichanganya? Je, kondensa inatupa joto nje? Na je, gesi ipo na inazungushwa ipasavyo? Swali la gesi ni la mwisho kwa sababu ndilo la gharama kubwa zaidi.

Upepo hafifu au upepo usio baridi?

Washa injini, weka feni ya ndani katika kasi ya juu kabisa, na uchague hewa izunguke ndani badala ya kuingia kutoka nje. Tia kipimajoto cha kawaida katika tundu la katikati la dashibodi, kisha mtu akanyage mafuta kidogo mpaka injini ifikie mizunguko kama 1,500 kwa dakika. Subiri dakika 10. Katika hali ya kawaida, kiyoyozi kizima hutoa hewa ya nyuzi 5 hadi 10. Siku ya joto kali inaweza kupanda kidogo juu ya hapo. Ikiwa nje ni nyuzi 32 na kipimajoto kinaonyesha 22, tatizo lipo.

Ikiwa hewa ni baridi lakini haina nguvu, usiguse gesi. Pikapu nyingi za zamani hazina chujio la hewa ya ndani, kwa hivyo vumbi la Mbeere na Tharaka huenda moja kwa moja kwenye evaporeta na kushikamana na unyevu mpaka likawa tope gumu. Majani makavu na viota vya panya pia hupatikana humo. Ikiwa feni hufanya kazi katika kasi ya juu pekee na kukataa kasi nyingine, kinachoshukiwa ni kizuizi cha umeme cha feni hiyo, kifaa kidogo kisichohusiana kabisa na gesi.

Kuna pia hali ambapo upepo huanza vizuri, hufifia baada ya nusu saa, na kurudi gari likizimwa kwa muda. Hiyo ni dalili kwamba evaporeta inaganda barafu. Chanzo huwa uchafu unaozuia hewa, au kihisio cha baridi kilichoacha kuamuru kompresa ipumzike.

Tazama pia chini ya gari. Maji yanayodondoka upande wa abiria ni ishara njema kwamba hewa inakaushwa. Ikiwa hayadondoki na zulia la ndani limelowa, mpira wa kutolea maji umezibwa na matope.

Joto la hita na hewa ya nje

Katika Hilux na pikapu nyingine za miaka ya 1980 na 1990, hita hufunguliwa na waya unaovuta koki ya maji ya moto. Waya huo ukilegea, koki haifungiki hadi mwisho, na maji ya injini yenye nyuzi 80 au 90 hupita nyuma ya dashibodi wakati kiyoyozi kinajitahidi kupoza. Baada ya kuendesha gari, fungua boneti na usogeze mkono karibu na mipira miwili ya hita bila kuishika kwa nguvu, maana inaweza kuunguza. Palipo na koki, ikifungika vyema mpira ulio baada yake hupoa. Yote miwili ikiwa moto hali swichi iko upande wa baridi, kasoro inaweza kuwa hapo, na marekebisho yake huenda yakahitaji bisibisi tu.

Kagua vilevile kifuniko cha hewa ya nje. Kikikwama wazi, kiyoyozi hulazimika kupoza hewa yote ya barabarani. Mipira ya milango iliyochakaa na matundu ya sakafu huleta hasara iyo hiyo.

Kondensa, feni na mkanda

Swali linalosaidia sana ni hili: baridi hupatikana gari likienda mbio na kutoweka likisimama? Ikiwa ndivyo, tatizo huenda ni kondensa kutopata upepo. Pikapu kuukuu nyingi hutegemea feni inayozungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ndani yake. Mafuta hayo yakivuja, feni huzunguka kwa uvivu. Injini ikiwa imezimwa lakini ingali moto, jaribu kuizungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kwa urahisi bila ukinzani wowote, klachi hiyo imekwisha.

Kisha chunguza uso wa kondensa. Vumbi, wadudu na mbegu za nyasi huziba nafasi kati ya mapezi yake, na uchafu mwingine hujificha kati yake na redieta ambako hauonekani kutoka mbele. Ioshe kwa maji ya kasi ndogo, kwa kuwa mashine za kuoshea magari zenye nguvu hukunja mapezi. Taa za ziada, wavu na vyuma vizito vya kinga vinavyofungwa mbele ya gari navyo hukata upepo.

Kipo kipimo rahisi cha kuthibitisha jambo hili. Kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, nyunyizia kondensa maji safi kutoka mbele huku mtu akitazama kipimajoto. Baridi ikiongezeka sana kwa ghafla, joto lilikuwa halitupwi nje ipasavyo. Ikikosa kubadilika, endelea na uchunguzi.

Tazama pia kompresa yenyewe. Kiyoyozi kikiwashwa, klachi iliyo mbele yake hutoa mlio mfupi wa kushika na kitovu chake huanza kuzunguka. Kisiposhika, angalia fyuzi, relei na nyaya kabla ya kulaumu kompresa. Ikishika asubuhi na kukataa mchana, huenda pengo la klachi limepanuka kwa kuchakaa, na sumaku ikipata moto hushindwa kulivuta. Kwa kawaida pengo hilo ni kama nusu ya milimita, na katika kompresa nyingi fundi anaweza kulipunguza. Mkanda uliolegea nao huteleza na kupiga kelele hasa kompresa inaposhika.

Geji, na hesabu ya nyanda za juu

Baada ya hayo yote ndipo fundi aunganishe geji zake mbili. Kwa gesi ya R-134a katika siku yenye joto la wastani, upande wa shinikizo dogo husoma takriban pauni 25 hadi 40 kwa inchi ya mraba, na upande wa shinikizo kubwa 150 hadi 250. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi ni chache, na mara nyingi klachi huwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache. Zote zikiwa juu, huenda gesi imezidi, kuna hewa ndani, au kondensa haipozwi. Upande mdogo ukipanda na mkubwa ukishuka, kompresa imechoka. Upande mdogo ukiporomoka chini ya sifuri, kuna kizuizi, aghalabu katika vali au chujio.

Shinikizo la gari lililozimwa haliwezi kueleza kiasi cha gesi. Mfano mzuri ni mtungi wa gesi ya kupikia: shinikizo lake hutegemea joto la hewa, na hubaki karibu lile lile mtungi ukiwa umejaa au umebakiza robo. Ndiyo maana mwenye mtungi huuinua kujua uzito. Kiyoyozi nacho hujazwa kwa mzani. Pikapu nyingi huhitaji kati ya gramu 500 na 800, na kiasi kamili huandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti au katika kitabu cha gari. Fundi anayejaza kwa kukisia mguso wa bomba anabahatisha.

Mafundi wa Meru na Embu wana hesabu moja zaidi. Kabla ya kujaza gesi, mabomba hutolewa hewa kwa pampu ya kunyonya. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya pwani husema geji ifike karibu inchi 29 au 30 za zebaki. Katika mwinuko wa mita 1,500, hewa yenyewe ni nyepesi zaidi, na geji ya kawaida haiwezi kupita takriban inchi 25 hata pampu ikiwa mpya. Asiyejua hivyo huweza kubadilisha mipira mizima akitafuta uvujaji usiokuwapo. Lililo muhimu ni pampu ifanye kazi dakika 30 hadi 45, kisha ifungwe, na mshale usirudi nyuma.

Kutafuta panapovuja

Gesi hutoka ikibeba mafuta ya kompresa. Kwa hiyo doa la mafuta lenye vumbi lililoganda kwenye kiungo, kwenye pindo la mpira, chini ya kondensa au nyuma ya klachi ya kompresa ni ushahidi wa kwanza. Povu la sabuni huonyesha uvujaji mkubwa. Mdogo huhitaji rangi maalumu inayong'aa kwa taa ya urujuani au kifaa cha kielektroniki. Vifuniko vidogo vya vali za kujazia visidharauliwe, maana vali hizo huvuja mara nyingi.

Wakati mfumo hauna gesi, fundi anaweza kuupima kwa naitrojeni kavu. Oksijeni ya kuchomelea vyuma isitumiwe kamwe, kwa kuwa ikikutana na mafuta chini ya shinikizo inaweza kulipuka. Hewa ya kujazia magurudumu nayo haifai, kwani huingiza unyevu unaoganda ndani ya vali na kuzalisha asidi inayokula vyuma.

Mfumo ukifunguliwa kwa matengenezo, chujio la kukausha lapasa kubadilishwa. Kuokoa pesa hapo ni kuhifadhi unyevu ambao utaiharibu kompresa mpya.

Ni gesi gani iliyomo?

Pikapu zilizoundwa kabla ya miaka ya kati ya 1990 nyingi zilitoka kiwandani zikitumia R-12. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na ndiyo mojawapo ya zile zilizolengwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ambao sekretarieti yake iko Nairobi. Nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, zilipewa hadi mwaka 2010 kuziacha gesi za kundi hilo. Mwaka 2007 Kenya ilitoa kanuni za kudhibiti vitu vinavyoharibu ozoni chini ya sheria yake ya mazingira.

R-134a iliyochukua nafasi yake haidhuru ozoni, lakini kilo moja huongeza joto la dunia kupita kilo 1,000 za hewa ya kaboni. Marekebisho yaliyofanywa Kigali mwaka 2016 yanataka gesi za aina hiyo zipunguzwe hatua kwa hatua. Kuifungulia hewani katika gereji, mbali na kuwa hasara, ni madhara kwa wote.

Gesi hizi mbili hazichanganywi. R-12 hutumia mafuta ya madini, ambayo hayasafiri vyema na R-134a, hivyo kompresa hukosa ulainisho. Vali za kujazia zenye nyuzi za kufungwa kwa skrubu kwa kawaida ni za R-12. Zile za kubana kwa kushindilia ni za R-134a. Gari lililobadilishwa mfumo linafaa kuwa na kibandiko kinachosema hivyo.

La hatari kuliko yote ni kutia gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi na inapoza. Gesi hiyo huwaka. Ikivuja kwenye evaporeta, hujaa mahali dereva anapoketi, na cheche moja ya swichi au sigara inatosha kuleta msiba.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kabla ya kulipa, mwenye gari ana haki ya kuuliza: geji zilisoma nini kabla ya kazi kuanza? Gesi imevuja wapi? Mfumo ulinyonywa hewa kwa dakika ngapi? Gramu ngapi zimewekwa, na ni za aina gani? Kipimajoto kinasema nini sasa? Fundi mwenye ujuzi atajibu bila kuudhika, na majibu hayo yafaa kuandikwa kwenye risiti.

Mwenye gari naye asijaribu kulegeza viungo vya gesi mwenyewe. Majimaji yake hugandisha ngozi na yanaweza kupofusha macho, na yakiguswa na moto hutoa moshi wa sumu. Kazi yake ni kuosha kondensa, kukaza mkanda, kukagua koki ya hita na kutazama madoa ya mafuta. Awashe pia kiyoyozi dakika chache kila juma hata wakati wa baridi, ili mafuta yazunguke na kulainisha mpira unaozuia gesi kwenye mhimili wa kompresa. Mpira huo ukikauka hupasuka, na gesi hupata njia ya kutoka.

Pikapu nyingi zinazopelekwa kuongezewa gesi zinahitaji kwanza kuoshwa, kufungwa koki au kuzibwa tundu moja dogo. Kipimajoto na nusu saa ya subira adhuhuri vitamwonyesha mwenyewe ni lipi kati ya hayo.